Jua Kali Nje, Kostumu Zimelala Dukani: Maswali ya Wasomaji

Karibuni tena kwa ukurasa wa hesabu za biashara. Barua za safari hii zimekuja kutoka pembe tofauti za Nairobi lakini zote zinazunguka kitu kimoja, nguo za kuogelea na hali ya hewa, kwa hivyo nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ndani yake kuna pesa ya mtu imekwama, na hiyo siwezi kuipita haraka.

SWALI: Habari yako mwalimu. Mimi niko na duka dogo hapa Eastleigh, nauza kostumu za watoto, bikini, burkini (zile za kufunika mwili wote ambazo akina mama Waislamu wengi huvaa), kaptula za wanaume, miwani na zile kofia za kuogelea. Mauzo yangu naandika kwa kitabu kila mwezi. Sasa shemeji yangu anaishi London akaniambia huko wenye maduka wanaangalia utabiri wa hali ya hewa tu, joto likipanda wanajaza stoki, likishuka wanapunguza bei wanamaliza. Nikaona na mimi nifanye hivyo. Mwezi wa pili jua likawaka nikaleta mzigo mkubwa, watu wakawa wanapita tu wananunua maji baridi na miavuli, kostumu zikalala. Halafu mwezi wa nane na ile baridi yote watu wanakuja wanauliza kostumu na mimi saizi zimeniishia! Kwani joto na kostumu hapa Nairobi havina uhusiano? Na nitajuaje nilete mzigo lini? — Mama wa duka, Eastleigh

JIBU: Mama, asante sana, na kwanza nikupongeze kwa hicho kitabu, wafanyabiashara wengi wanabeba mauzo yao kwa kichwa na ukiwauliza mwezi wa sita mwaka jana waliuza nini wanakuambia tu "ilikuwa imekauka". Wewe uko na ushahidi kwa maandishi, na ushahidi huo ndio unakuambia shemeji hakukudanganya, ila ushauri wake ni wa London.

Cheki tofauti. London mwezi wa kwanza joto la mchana linakuwa kama digrii 8, mwezi wa saba linafika 23 au 24, hiyo ni digrii 15 au 16 kati ya miezi hiyo miwili. Mtu wa kule miezi mingi hata hawazi kuogelea nje, kwa hivyo wiki moja ya jua ikiingia mji mzima unakumbuka kostumu siku moja. Sasa njoo Nairobi. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na ikweta iko hapo tu juu yetu, joto la mchana kwa wastani linapanda mwezi wa pili na wa tatu mpaka kama 26 hadi 28, na mwezi wa saba linashuka mpaka kama 22. Tofauti ni digrii 4 hadi 6 hivi, basi. Mwezi wetu wa baridi kabisa, mchana wake unakaribiana na mchana wa London wa kiangazi! Kitu kisichobadilika sana hakiwezi kukupandishia na kukushushia mauzo sana, hata kama watu wanapenda jua namna gani.

Najua utaniambia mwalimu lakini mwezi wa saba tunatetemeka, na ni kweli. Kinachotuumiza wakati ule sana sana ni mawingu. Upepo wa kutoka kusini unaleta hewa baridi yenye unyevu, inapanda hizi nyanda za juu inageuka mawingu mazito ya chini, jua halionekani siku tatu nne, manyunyu asubuhi, na usiku digrii zinashuka mpaka 11 au 12. Maji ya puli (bwawa la kuogelea) isiyo na hita hayaangalii joto la saa nane mchana peke yake, yanabeba na baridi ya usiku kucha, kwa hivyo hata jua likitoka Jumamosi moja maji bado yatakuwa yanauma. Mashindano ya kimataifa yanataka maji ya digrii 25 hadi 28, na puli ya wazi hapa kwetu mwezi wa saba iko mbali kabisa na hapo.

Sasa turudi kwa kitabu chako, hapa ndipo penye utamu. Chukua miezi miwili tu, wa nane na wa kumi. Mwezi wa nane ni baridi, bado tuko kwa masweta. Mwezi wa kumi ni kati ya miezi yenye joto Nairobi, unashindana na wa kwanza. Kama joto ndilo linauza kostumu basi mwezi wa kumi ungekuwa unaushinda wa nane kila mwaka, na wewe umeniandikia kwamba mwezi wa nane ndio saizi zimekuishia. Kwa nini? Kwa sababu mwezi wa nane shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, familia zinapanda basi na treni kuelekea Pwani. Mwezi wa kumi watoto wako darasani, mitihani inakaribia, hakuna mtu anawaza puli. Hiyo miezi miwili pekee inakuonyesha kwamba mteja wako anafuata kalenda, na joto linakuja nyuma yake.

Na kuna jambo lingine wengi tunasahau, mtu wa Nairobi haogelei Nairobi peke yake. Kostumu inanunuliwa Eastleigh inavaliwa Diani, Nyali au Malindi. Kwa hivyo ukitaka kuangalia joto, angalia la kule anakoenda. Mombasa mwezi wa saba na wa nane, msimu wa kusi, mchana bado ni kama digrii 27 au 28, watu wa Mombasa wenyewe wanasema ni baridi, lakini hilo ni joto letu sisi la mwezi wa pili! Ndio maana mtu anavaa jaketi anakuja kwako kununua bikini. Tangu treni ya Madaraka ianze kubeba abiria mwaka 2017, Nairobi mpaka Mombasa ni kama saa tano, safari imekuwa kitu cha wikendi ndefu hata kwa mtu wa mshahara wa kawaida, na kila wikendi ndefu inapita dukani kwako kwanza.

Hebu tufanye hesabu kidogo, utaweza, inataka kalamu na karatasi tu. Panga miezi yako 12 kwa joto, wenye joto zaidi umpe nafasi ya 1, wa baridi kabisa nafasi ya 12. Panga tena miezi ile ile kwa mauzo. Kila mwezi toa nafasi moja kwa nyingine, jibu uzidishe kwa lenyewe, halafu jumlisha zote. Hiyo jumla zidisha kwa 6, gawa kwa 1,716, na jibu ulitoe kwa 1. Njia hii ni ya Charles Spearman, Mwingereza, ya tangu mwaka 1904. Ukipata karibu na 1, joto na mauzo yanatembea pamoja. Ukipata karibu na 0, kila mmoja yuko na njia yake. Ukipata chini ya 0, yanatembea kinyume. Na ukiwa unapiga hiyo hesabu utaona mwenyewe ni mwezi gani unaharibu uhusiano. Tuseme Desemba kwa mauzo ni nafasi ya 1 lakini kwa joto ni ya 7, maana Desemba yetu ni ya joto la katikati tu na mvua fupi zinaweza kuwa bado zinatoka, tofauti ni 6, mara 6 ni 36, mwezi mmoja umekuletea 36 peke yake. Mwezi wa tatu nao uko juu kabisa kwa joto na kwa mauzo uko chini huko. Miezi kama hiyo usikasirike nayo, iulize kwa nini, inakufundisha biashara kuliko ile iliyokubali.

Kwa wewe wa Eastleigh kuna kitu kingine ambacho shemeji wa London hangekifikiria, Ramadhani. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 10 au 11, kwa hivyo Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2024 ilianza karibu tarehe 11 au 12 mwezi wa tatu, 2025 ikaanza mwanzoni mwa mwezi wa tatu, na 2026 inaangukia katikati ya mwezi wa pili. Yaani ndani ya joto lenyewe! Wateja wako wa burkini wamefunga, nani ataenda kuogelea saa nane mchana na kiu ile. Halafu Idd inakuja familia zinataka kutoka. Ukilinganisha mwezi wa pili wa mwaka huu na ule wa miaka kumi iliyopita utafikiri watu wamebadilika, kumbe ni mwezi wa Ramadhani umehama. Na itaendelea kuhama, mwaka 2030 Ramadhani itaanza mwanzoni mwa Januari na nyingine itaanza tena mwishoni mwa Desemba. Andika hizo tarehe pembeni ya kitabu chako.

Pia usiamini mwaka mmoja peke yake. Aliyeanza kuandika mauzo mwisho wa 2023 alikutana na mvua za El Niño, halafu mwezi wa nne 2024 mafuriko yakavamia Nairobi na shule zikachelewa kufunguliwa mpaka katikati ya mwezi wa tano. Mauzo ya wakati kama huo yanaeleza balaa lililotupata, mwaka wa kawaida hauko hivyo. Endelea kuandika, ukifika miaka mitatu uko na kitu cha kusimamia.

Lakini mama, sisemi joto halina kazi kabisa, lina kazi yake, ila linafanya kazi ndani ya kalenda. Tenga wiki za likizo peke yake na wiki za shule peke yake. Ndani ya zile za likizo linganisha wikendi ya jua na wikendi ya mawingu, hapo ndipo utaona jua likiuza, sana sana vitu vya ghafla kama miwani, kaptula, kostumu ya mtoto aliyesahau yake. Joto linamfanya mtu aliyekuwa na mpango tayari aje leo asingoje kesho. Asiyekuwa na mpango atanunua maji baridi apite, kama ulivyowaona.

Swali lako la mzigo sasa. Mzigo wa meli kutoka Guangzhou, ukihesabu kukusanywa, safari, bandari Mombasa na kufika Nairobi, unaweza kumaliza mwezi mpaka miwili. Kwa hivyo ukiona jua ndio uagize, mzigo utaingia mvua ya masika ikinyesha. Na mwaka mpya wa Wachina unaangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, viwanda vinafunga, wafanyakazi wanaenda kwao, oda ya wakati huo inakaa. Mimi ningekushauri hivi: mzigo wa Desemba uagizwe mwezi wa tisa, hapo weka za watu wazima kwa wingi, bikini, burkini na kaptula, maana ni safari za Pwani. Saizi za watoto za mwezi wa kwanza ziingie pamoja na huo, kwa sababu shule zenye somo la kuogelea zinawapa wazazi orodha na hata kama Januari mifuko imetoboka kitu kilicho kwa orodha ya shule kinanunuliwa. Mzigo wa mwezi wa nane uagizwe mwezi wa tano, wakati wenzako wanaangalia mawingu wanakata tamaa. Na hizo zilizolala, usizitupe kwa hasara leo, zisukume likizo ya mwezi wa nne na zikibaki zisukume mwezi wa nane, kostumu haiozi ikikaa mahali pakavu pasipo na jua.

SWALI: Mwalimu mambo. Niko chuo hapa Ngara nafanya mradi wa takwimu. Nimechukua wastani wa joto la Nairobi miezi 12 na mauzo ya kostumu ya duka moja, nikapata uwiano (kile kipimo cha vitu viwili vinavyotembea pamoja) wa 0.6. Msimamizi wangu anasema ni mdogo, rafiki yangu anasema ni mkubwa, na mimi nimeandika kwa hitimisho kwamba joto linasababisha mauzo. Niko sawa? — Mwanafunzi, Ngara

JIBU: Kijana wangu, hilo neno "linasababisha" litoe kabla hujachapisha. Wote wawili wako na sababu zao. Ukiwa na miezi 12 tu, kipimo cha kawaida cha asilimia 5, yaani bahati tupu ingeleta namba kama hiyo chini ya mara 5 kwa 100, kinataka uwiano wa Pearson (ule wa namba zenyewe, si wa nafasi) upite 0.576 ndio useme si bahati tu, kwa hivyo 0.6 imepita, lakini imepita kwa kusukuma mlango. Halafu zidisha 0.6 kwa 0.6 unapata 0.36, maana yake joto linaeleza kama asilimia 36 ya kupanda na kushuka kwa mauzo, ile 64 inayobaki iko kwa vitu ambavyo hujaviweka, na jibu la mama wa Eastleigh hapo juu limevitaja vingi.

Kuna jambo moja zuri ambalo ningependa uliweke kwa mradi wako kwa sababu wanafunzi wengi wanalipita. Uwiano unategemea joto lenyewe linatembea umbali gani. Chukua watu wenye tabia ile ile kabisa, waweke mji ambao joto linatoka 8 mpaka 24, uwiano utakuwa mkubwa. Waweke mji ambao linatoka 22 mpaka 27, uwiano utashuka, na watu hawajabadilika hata kidogo! Kwa hivyo usilinganishe 0.6 yako na 0.9 ya mji wa Ulaya ukasema watu wa Nairobi hawajali jua.

Jambo lingine, mtu hununua kostumu kabla ya kuogelea. Mauzo ya wiki ya mwisho kabla shule zifungwe ni ya likizo inayokuja, hayahusu hewa ya wiki hiyo. Jaribu kulinganisha mauzo ya wiki hii na likizo ya wiki inayofuata uone namba inavyobadilika. Ukipata data ya wiki kwa wiki itakuwa bora zaidi, unakuwa na 52 badala ya 12, ingawa wiki zinazofuatana zinafanana kwa hivyo usizihesabu kama mashahidi 52 wasiojuana.

Na kuhusu kusababisha, uko na bahati, Nairobi inakupa njia rahisi ya kupima. Linganisha mwezi wa joto wenye shule na mwezi wa baridi wenye likizo, kisha mwezi wa joto wenye likizo na mwezi wa baridi wenye shule. Vyumba vinne, jedwali moja. Hilo jedwali litamridhisha msimamizi wako kuliko namba moja yenye desimali. Ongeza pia kama kuna puli zenye hita karibu na hilo duka, maana siku hizi majengo mengi ya Kilimani na Kileleshwa yanatangaza puli ya maji moto, na mteja wa hapo mwezi wa saba kwake si kitu.

SWALI: Mwalimu, mimi niko na watoto watatu wote wanaogelea shuleni. Kila mwaka nanunua kostumu mwezi wa kwanza bei iko juu, kufika mwezi wa tano zimelegea matakoni zinaonekana kama gunia. Ninunue lini na ninunue gani? — Baba wa watatu, Umoja

JIBU: Baba, unanunua wakati mmoja na wazazi wote wa Nairobi, ndio maana bei iko juu. Nunua mwezi wa tano mpaka katikati ya wa saba, ama wa tisa na wa kumi, hapo muuzaji anatafuta wewe na unaweza kukaa chini mkaelewana bei, hasa ukichukua tatu kwa mara moja. Chukua saizi moja juu kwa wale wawili wadogo kwa sababu mpaka Januari watakuwa wameongezeka. Ukipendelea mitumba, masoko ya Toi na Gikomba yako, ila wahi asubuhi siku ya kufungua bale (furushi la mitumba) ndio upate kamera, yaani zile nzuri zaidi, ukija jioni unakuta fagia, yaani mabaki.

Kulegea kwenyewe kunaletwa na klorini. Inakula zile nyuzi za kuvutika, spandex, na mtoto akiogelea mara mbili kwa wiki nguo inaisha nguvu hata kama kwa macho bado ni mpya. Kwa mtoto wa darasa la kuogelea tafuta kostumu ambayo lebo yake inasema poliesta kwa wingi, zingine zimeandikwa PBT (aina ya poliesta), hizo zinavumilia klorini zaidi ya nailoni yenye spandex nyingi. Zile za nailoni laini zinazong'aa ni nzuri za kwenda nazo Pwani mara moja kwa mwaka. Kabla ya kulipa, ivute kwa mikono miwili ukiielekeza kwenye mwanga, ukiona upande wa pili kama kwa wavu, rudisha. Na wafundishe watoto waisuuze kwa maji safi pale pale puli kabla ya kuifunga kwa mfuko, waianike kivulini, na isiingie kwa mashine wala maji moto. Mwezi wa saba wape na fulana ya kuogelea ya mikono mirefu wavae juu yake, maji yakiwa baridi mtoto mwembamba anaanza kutetemeka mapema sana kuliko mkubwa, na akianza kutetemeka mwalimu amtoe, hata kama dakika za somo hazijaisha.